Maiti Haulizwi Sanda

Wazee walituachia methali isemayo kuwa maiti haulizwi sanda. Maana yake ya juu ni nyepesi. Aliyekufa hawezi kuchagua: walio hai humwosha, humvika, humchukua na kumlaza wapendapo wao, naye hana kinywa cha kukubali wala mkono wa kukataa. Lakini ndani ya maneno hayo matatu mna swali lililo zito kuliko sanda yenyewe. Je, kwa kuwa maiti haulizwi, walio hai wana ruhusa ya kumtenda watakavyo? Au kwa kuwa haulizwi, wamefungwa na wajibu mkubwa zaidi, kama mtu aliyeachiwa amana na mwenziwe asiyeweza kurudi kuihesabu?

Swali hili si la makaburini tu. Ndugu hugombana juu ya mahali pa kumzika baba yao, na kila mmoja hudai kuwa anayajua mapenzi ya marehemu. Warithi huchoma barua za mzazi wao ili watu wasisome aibu, na wengine huziuza ili watu waisome. Mataifa hubomoa sanamu za watawala waliopita na kusimamisha nyingine. Wanazuoni hufukua mifupa na kuipima. Wote hao huamua kwa niaba ya mtu asiyeulizwa. Nimetaka kulipima swali hili kwa maisha na maziko ya mwanamke mmoja wa Misri ya kale, Hatshepsut, kwa sababu alizikwa mara mbili: mwili wake ulifukiwa katika ardhi na jina lake katika mawe. Na tena alifukuliwa mara mbili, na sina hakika kuwa waliomfukua walimtendea haki zaidi ya waliomfukia.

Hatshepsut alizaliwa katika nyumba ya kifalme ya Thebes, mji uliokuwa mahali ulipo Luxor leo, yapata miaka 3,500 iliyopita. Baba yake alikuwa Thutmose wa Kwanza, mfalme mpiganaji. Mama yake aliitwa Ahmose. Kwa desturi ya nyumba ile aliolewa na ndugu yake kwa baba, Thutmose wa Pili, akamzalia binti, Neferure. Mumewe hakudumu sana. Alipofariki, yapata mwaka 1479 K.K., kiti cha enzi kilimwangukia mtoto mdogo wa kiume aliyezaliwa na mke mwingine, jina lake Iset. Mtoto huyo ndiye Thutmose wa Tatu. Hatshepsut, mama yake wa kambo, alishika usukani kwa niaba yake, kama walivyofanya wajane wengine wa kifalme kabla yake.

Laiti angalikoma hapo, historia ingalimtaja kwa mstari mmoja na kupita. Lakini hakukoma. Kufikia mwaka wa 7 wa utawala ule alikuwa amekwisha kuvikwa taji mwenyewe. Hakujiita malkia, bali mfalme. Katika sanamu za mwanzo alichongwa akiwa na umbo na vazi la kike. Katika zile za baadaye amevaa kitambaa cha kifalme cha kichwani, na kidevuni amefungiwa ndevu za bandia zilizokuwa alama ya ufalme. Mtoto hakuuawa wala hakufukuzwa. Majina ya wawili yaliandikwa pamoja, ijapokuwa la mama lilitangulia. Na mtoto alikua, akaja kuwa mmoja wa wafalme mashuhuri kabisa wa vita ambao Misri imewapata. Mtu anayetwaa kiti cha mwingine kwa kawaida humwogopa mwenye kiti akiwa hai. Huyu alimwachia mwenye kiti uhai wake na elimu yake, na mwisho wake alimwachia kiti chenyewe kikiwa imara.

Alitawala kwa muda wa miaka 20 na zaidi. Ng'ambo ya magharibi ya mto wa Nili, chini ya majabali ya Deir el-Bahari, alijenga hekalu la madaraja matatu linaloonekana kama kwamba jabali lenyewe limelizaa. Katika mwaka wa 9 alipeleka merikebu Punt, nchi ambayo wataalamu wengi huiweka pande za Eritrea, Ethiopia na Somalia. Ukutani mwa hekalu safari hiyo imechongwa yote: nyumba za watu wa Punt zilizosimamishwa juu ya nguzo na kupandiwa kwa ngazi, mkuu wao Parahu na mkewe Ati, na mabaharia wakipakia miche ya manemane pamoja na mizizi yake katika vikapu, ili ikapandwe Misri. Msomaji wa pwani yetu, ambaye amezoea harufu ya ubani wa Somalia nyumbani na mazikoni, haoni ugeni mkubwa katika shehena ile.

Huko Karnak alisimamisha minara ya jiwe moja moja, iliyochongwa kwa itale ya Aswan. Mmoja wake ungali umesimama. Urefu wake unakaribia mita 30, na uzito wake unapita tani 300. Katika maandishi ya chini yake mfalme mwenyewe anatuambia kuwa kazi ya kuichonga ilichukua miezi 7. Kisha anasema jambo ambalo wafalme hawana mazoea ya kulisema. Anasema kuwa moyo wake unahangaika huku na huko akiwaza watasemaje watu watakaoiona minara hii katika miaka ijayo. Hakika hapo ndipo mtu huyu anapotujia karibu. Mwenye amri juu ya majabali na merikebu aliujua mpaka wa amri yake: hakuweza kuwaamuru wasiozaliwa.

Wasiwasi ule ulikuwa na sababu katika imani ya taifa lake. Kwa Wamisri wa kale kufa hakukuwa mwisho. Lakini maisha ya baadaye yalihitaji vitu viwili. Kwanza, mwili uhifadhiwe usioze, maana roho ilihitaji mahali pa kurudia. Pili, jina litajwe. Aliyetajwa aliishi, ambaye jina lake lilifutika alikufa mara ya pili, na mauti hayo ya pili hayakuwa na dawa. Kwa hiyo kaburi na maandishi havikuwa mapambo kwao, bali chakula na maji ya safari. Mtu aweza kuikataa imani hiyo, nami siitetei. Lakini hawezi kukana kuwa Hatshepsut alisema mapema, kwa sauti ya juu na juu ya jiwe gumu, alilolitaka. Yeye ni maiti aliyejibu kabla ya kuulizwa.

Maziko yake aliyatengeneza mwenyewe. Alipokuwa mke wa mfalme alichimbiwa kaburi katika ufa wa jabali, juu sana, mahali pagumu kufikiwa. Alipokuwa mfalme aliliacha, akafanyiwa kaburi jingine katika Bonde la Wafalme. Njia ya kaburi hili inashuka gizani kwa kupinda, urefu wake zaidi ya mita 200. Humo aliamuru kuwekwe masanduku mawili ya mawe, moja lake na moja la baba yake. Sanduku la baba lilikuwa limechongwa kwa ajili ya Hatshepsut mwenyewe. Akaamuru libadilishwe na kuandikwa jina la Thutmose wa Kwanza, ili mtoto na mzazi walale chumba kimoja. Naye Thutmose wa Tatu, baada ya kutawala peke yake, alimtengenezea babu yake sanduku jipya katika kaburi jingine, akamhamisha.

Tutazame kidogo jambo hili, maana lina funzo. Baba alihamishwa na binti kwa mapenzi, na mjukuu akamhamisha tena, yamkini kwa mapenzi pia. Kila mmoja alimheshimu, na kila mmoja alipata faida katika heshima hiyo. Kwani mtawala aliyelala karibu na mzee yule, au aliyemlaza mahali pake, alionekana kuwa mrithi wake wa haki. Maiti hakuulizwa. Hatshepsut, ambaye tutamwona akidhulumiwa na walio hai, alikuwa amekwisha kumtumia marehemu wake mwenyewe. Tena katika kuta za hekalu lake aliandika kuwa mungu Amun ndiye aliyemzaa, na kuwa baba yake alimtangaza mbele ya wakuu kuwa mrithi wake. La kwanza si jambo la ushahidi. La pili ushahidi mwingine hauliungi mkono. Kwa hiyo alitia maneno katika kinywa kisichoweza tena kukanusha. Nalisema hili mapema ili mapenzi yetu kwa aliyeonewa yasitupofushe. Aliyeonewa aweza kuwa aliwahi kuonea, na haki haigawanywi kwa watu wasio na doa peke yao, la sivyo isingemfikia mtu yeyote.

Hatshepsut alifariki yapata mwaka 1458 K.K. Thutmose wa Tatu alitawala peke yake kwa miaka zaidi ya 30 tena. Na katika sehemu ya mwisho ya utawala huo, yapata miaka 20 baada ya mama wa kambo kuzikwa, mafundi walitumwa na patasi. Sura yake ilichimbwa ukutani ikaacha umbo tupu. Jina lake lilikwanguliwa, na mahali pake pakaandikwa jina la mumewe au la baba yake. Sanamu za hekalu lake zilivunjwa na kutupwa mashimoni, ambako vipande vyake vilifukuliwa na wachimbaji wa jumba la makumbusho la Metropolitan la New York katika miaka ya 1920. Minara ya Karnak ilizungushiwa ukuta. Baadaye, mfalme Seti wa Kwanza alipochonga orodha ya wafalme huko Abydos, jina la Hatshepsut halikuwamo.

Kwa muda mrefu watu walisimulia jambo hili kama hadithi ya kisasi: kijana aliyenyang'anywa, akangoja, akalipiza. Ni hadithi tamu, lakini hailingani na hesabu ya miaka. Chuki haingoji miaka 20 wakati patasi iko mkononi. Wanazuoni wengi sasa huona kuwa jambo lilikuwa la utaratibu wa urithi: mfalme mzee alitaka kiti kionekane kimetoka kwa baba kwenda kwa mwana bila mwanamke katikati, asije mwingine akaufanya mfano huo kuwa sheria. Na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2025 umeonyesha kuwa sanamu nyingi zilivunjwa shingoni, kiunoni na magotini, si usoni kwa hasira. Na hivyo ndivyo Wamisri walivyoziondolea nguvu sanamu zilizokwisha kazi.

Baadhi ya watu husikia habari hii kama udhuru. Kumbe hakumchukia, husema. Basi kosa ni dogo. Mimi naona kinyume. Anayefuta jina kwa hasira angalau anakiri kuwa mwenye jina alikuwa mtu. Hasira ni namna ya kukumbuka. Lakini anayelifuta kwa utulivu, kama karani anayesahihisha daftari, amemgeuza mtu kuwa kosa la hesabu. Hasira huchoka na yaweza kujutia. Utaratibu hauchoki wala haujuti, maana hauoni kuwa umefanya neno. Dhuluma nyingi zilizo kubwa ulimwenguni hazikutendwa na watu waliokunja nyuso. Zilitendwa na watu waliokuwa na orodha mkononi, waliokula chakula chao saa ya chakula, wakalala usiku bila ndoto. Kwa hiyo kutokuwapo kwa chuki hakupunguzi deni. Humpunguzia mtenda sifa ya ukatili, lakini hakumrudishii mtendwa alichonyang'anywa.

Hata hivyo kazi ile haikukamilika, na sababu za kutokamilika kwake zastahili kufikiriwa. Ukuta uliojengwa kuificha minara uliikinga, na sehemu zilizofichwa zikahifadhika vizuri kuliko zilizoachwa wazi. Vipande vya sanamu vilivyotupwa mashimoni vilisalimika humo mpaka siku zetu. Manetho, kuhani aliyeandika historia ya Misri katika karne ya 3 K.K., alikuwa bado na habari za malkia aliyetawala miaka 21 na miezi 9. Lakini kwangu mimi ushahidi wa ajabu kuliko wote ni wa sarufi. Mwaka 1829 Champollion, Mfaransa aliyevumbua njia ya kuyasoma maandishi ya kale ya Misri, alisimama Deir el-Bahari mbele ya sura ya mfalme mwenye ndevu, akastaajabu. Sura ilikuwa ya kiume, na jina lilikuwa la mfalme. Lakini majina na vitendo vilivyomhusu vilikuwa na viishio vya kike, kana kwamba maandishi yanamsimulia mwanamke. Mafundi walikuwa wamefuta jina, wakasahau herufi ndogo. Mwanamke aliyeondolewa mlangoni alibaki katika viungo vya lugha.

Sisi tusemao Kiswahili tuna haki ya kulitafakari jambo hili kwa namna yetu. Lugha yetu haimbagui mume na mke katika kitendo. Alikuja, alijenga, alitawala, alikufa: hapana asikiaye maneno haya akajua kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke. Lau kuta zile zingaliandikwa kwa Kiswahili, ungalifutwa utambulisho wake wote kwa kufuta jina tu. Naona fahari katika lugha inayompa mtu utu wake kabla ya kuuliza jinsia yake. Na Hatshepsut, aliyetaka kupimwa kwa kazi yake, pengine angaliifurahia. Lakini naona onyo pia. Usawa wa lugha waweza kuwa pazia. Ambaye hakutajwa kwa jina lake katika lugha yetu hana herufi ndogo ya kumtetea, na kwa hiyo sisi tuna wajibu mkubwa zaidi wa kuwataja waliotenda, hasa mama zetu, kabla patasi ya wakati haijafika.

Sasa tuushuke ule mfano wa pili wa kufukuliwa, ambao ni wa mwili. Mnamo 1903 na 1904 Howard Carter alilisafisha kaburi lile refu la Bonde la Wafalme, kazi ya mashaka katika hewa mbaya na mawe yaliyooza. Aliyakuta masanduku mawili ya mawe, yote matupu. Leo moja liko Kairo na moja Boston. Mwaka 1903 pia alikuta karibu na hapo kaburi dogo lisilo na mapambo, lililoporwa tangu zamani, na ndani yake miili miwili ya wanawake. Mmoja ulikuwa katika jeneza lililoandikwa jina la Sitre-In, mlezi wa kifalme aliyemnyonyesha Hatshepsut. Huo ulipelekwa Kairo baadaye. Wa pili, wa mwanamke mnene ambaye mkono wake wa kushoto umekunjwa kifuani, uliachwa sakafuni. Ulilala hapo mpaka mwaka 1989, kaburi lilipofukuliwa upya na mwili ule ukatiwa katika sanduku la mbao.

Mwaka 2007 wataalamu wa Misri, wakiongozwa na Zahi Hawass, walitangaza kuwa mwanamke yule wa sakafuni ndiye Hatshepsut. Walikuwa na kisanduku cha mbao chenye jina lake, kilichopatikana mwaka 1881 pamoja na maiti za wafalme waliofichwa na makuhani. Walipokipiga picha za mionzi waliona jino ndani yake, wakasema linalingana na pengo katika taya la maiti. Wengine wametia shaka juu ya ulinganifu huo, na shaka hiyo haijaondoka. Lakini habari zilienea ulimwenguni, na pamoja nazo zikaenea habari za mwili: kwamba alikuwa mnene, kwamba meno yake yalikuwa mabovu, kwamba yamkini alikuwa na kisukari na saratani. Tarehe 3 Aprili 2021 maiti 22, za wafalme 18 na malkia 4, zilipitishwa kwa gwaride katika barabara za Kairo, kila moja katika gari lake, kwenda jumba jipya la makumbusho la Fustat. Yeye alikuwamo. Jina lake lilitajwa siku hiyo mbele ya watu wengi kuliko waliopata kulisikia katika uhai wake.

Je, tuliomfukua tumemtendea haki? Hapa mizani ni ngumu. Upande mmoja husema: alitaka jina litajwe, nalo limetajwa. Wanyang'anyi walikwisha kulivunja kaburi, na wakati ulikwisha kumtupa sakafuni. Elimu haikumtoa katika raha, ilimwokota katika fedheha. Upande wa pili husema: alitaka pia mwili wake ulale. Hapana popote alipoandika kuwa apendelea meno yake yahesabiwe na unene wake ujadiliwe na watu wasiojua hata alijenga nini. Misri yenyewe imekuwa na pande hizi mbili. Rais Anwar Sadat aliamuru chumba cha maiti za wafalme katika jumba la makumbusho kifungwe, kwa kuona kuwa si adabu kuwaonyesha wafu. Kikafunguliwa tena mwaka 1994.

Nadhani kosa letu ni kudhani kuwa deni kwa wafu ni moja, hali ni madeni matatu, na kila moja lina mpaka wake.

La kwanza ni deni la ukweli. Hili ni deni kubwa, lakini halidaiwi na wafu peke yao; linadaiwa na walio hai na watakaozaliwa. Kwa hiyo wosia wa marehemu hauwezi kulifuta. Hatshepsut alitaka tuamini kuwa baba yake alimpa taji, hatulazimiki kuamini. Thutmose wa Tatu alitaka tuamini kuwa hapakuwa na mwanamke katikati, hatulazimiki pia. Anayesema uongo juu ya wafu, au anayeutunza uongo wa wafu, huwaibia wasiokuwapo. Uchunguzi uliotwambia kuwa jina lilifutwa, na lini, na namna gani, ulikuwa kulipa deni hili, nao ni halali hata kama ulihitaji jembe.

La pili ni deni la kusikilizwa. Marehemu hatuwezi kumtii katika kila jambo, lakini twaweza kumsikiliza kabla ya kuamua. Alilolitaka akiwa hai, ikiwa halimdhuru aliye hai wala haliufichi ukweli, lina haki ya kutimizwa. Mlaze alipotaka kulala. Mtaje kwa jina alilolitaka. Na kama huna budi kumhamisha, mhamishe kama unavyomhamisha mgonjwa, si kama unavyohamisha shehena.

La tatu ni deni la stara, na hapa ndipo kizazi chetu kinapokosa zaidi. Daktari aliyejua ugonjwa wa mtu hana haki ya kuutangaza sokoni, na haki hiyo haipatikani kwa sababu mgonjwa amekufa. Iko tofauti kati ya kujua na kuonyesha. Kujua kuwa mwanamke huyu aliugua kwaweza kutufunza habari za maradhi ya kale. Kuusimamisha uso wake uliokauka nyuma ya kioo, ili mtoto amkodolee macho na kucheka, hakumfunzi mtoto neno asiloweza kulipata katika kitabu. Kipimo changu ni chepesi. Anayetaka kumfukua mtu na ajiulize: nikimaliza, je, marehemu atajulikana zaidi, au ataonekana zaidi tu? La kwanza ni elimu. La pili ni udadisi uliovaa joho la elimu.

Yuko atakayenijibu kuwa wafu hawahisi, na ambaye hahisi hadhuriki. Hoja hii ina nguvu, nami siwezi kuivunja kwa kudai mambo nisiyoyajua juu ya kaburi. Lakini yatosha kumtazama aliye hai. Yule mwanamke aliyesimama Karnak, moyo ukimwenda huku na huko, alikuwa hai alipotuwaza. Hofu yake ilikuwa juu yetu. Kila mtu huishi akiwa na imani fulani kwa watakaobaki: hujenga, hulea, huandika na hata hufa kwa utulivu kwa sababu hutumaini kuwa hatageuzwa uongo wala mchezo. Tukivunja imani hiyo kwa waliokwisha kufa, twaivunja kwa wanaokufa kesho, nao ni hai leo na wanahisi. Deni la wafu hulipwa kwa wafu, lakini faida yake hupokewa na walio hai.

Limebaki neno moja juu ya wasio na jina. Minara ya Karnak ilichongwa kwa miezi 7 na mikono ya watu wengi. Majina yao hayakufutwa, kwa maana hayakuandikwa. Hao walikufa mauti ya pili bila patasi. Tunapomlilia mfalme aliyefutwa na tukawasahau hao, huruma yetu ni ya mashaka. Kati ya watumishi wa nyumba ile mmoja aliyesalimika ni mlezi, Sitre-In, ambaye Hatshepsut alimwekea sanamu katika hekalu lake. Mfalme alimkumbuka mwanamke aliyemnyonyesha, akampa jina katika jiwe. Na ikiwa wataalamu wa 2007 hawakukosea, basi masanduku ya kifalme yalipokuwa matupu na kuta zilipokwisha kukwanguliwa, kaburi la mlezi ndilo lililompa mfalme mahali pa kulala. Wema hauozi, walisema wazee. Na kama jambo hili ni kweli, hapana mahali ulipojaribiwa zaidi kuliko katika shimo lile.

Basi narudi nilikoanza. Maiti haulizwi sanda: ni kweli, na itakuwa kweli siku zote. Lakini methali hiyo haikusema kuwa maiti hapewi sanda. Ilijua kuwa atapewa, na kwamba aliye hai ndiye atakayeikata, ama kwa kipimo cha marehemu ama kwa kipimo cha uroho wake mwenyewe. Hatshepsut aliuliza watasemaje watu wa miaka ijayo. Watu wale ni sisi, nasi pia miaka ijayo inatungoja, na mkasi uko mikononi mwa watu ambao hatutawaona.